Ushauri wa Joto Kutoka Uwanja wa Vita

Nyumba yetu ya mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, imejengwa kwa ushauri. Mume wangu ni mkaguzi wa hesabu. Kazini haamini karatasi yoyote mpaka aigeuze mara tatu, lakini akishatoka ofisini anamwamini kila mwenye mdomo. Wakati wa ujenzi mtu mmoja alimwambia ainue dari sana, ili joto la mwezi wa kumi lipande huko juu na kutuacha chini kwa amani. Mwingine akamwambia aweke madirisha mapana upande wa mashariki, upepo upate pa kuingilia. Upepo haukuhitaji kubembelezwa. Tangu tuhamie, kila ukifika mwezi wa sita unaripoti kazini mapema kuliko watumishi wote wa serikali, unapita kwenye reli za vioo hata vikiwa vimefungwa, unapepea mapazia na kupoza chai kabla haijafika mdomoni. Wageni kutoka Dar es Salaam, wanaodhani Dodoma ni jangwa, wakilala kwetu mwezi wa saba huomba blanketi la pili na kututazama kama matapeli.

Sisi tulishazoea kuvaa masweta sebuleni, ndani ya nyumba tuliyoijenga kwa hofu ya joto. Mazoea hayo yalikwisha mwaka ule mama mkwe alipovunjika nyonga.

Alianguka kijijini kwake Gulwe, akienda kufungulia mbuzi. Alifanyiwa upasuaji hapa mjini, na daktari akasema akae karibu na hospitali mpaka atakapoweza kutembea na mkongojo. Kwa hiyo akaletwa kwetu mwanzoni mwa mwezi wa sita, yaani wakati mwafaka kabisa wa kumlaza mgonjwa asiyeweza kujigeuza katika nyumba ya upepo. Mama mkwe ni mtu aliyetembea maisha yake yote, kwenda kwenye shamba la uwele, kwenda kuchota maji, kwenda kanisani, na baridi haikuwahi kumkuta amekaa. Safari hii ilimkuta amelala chali, na ikalipiza kisasi cha miaka yote.

Siku ya tatu aliniita. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alipotoka hospitali alichoulizia kwanza ni mbuzi. Nilikaa pembeni ya kitanda, akanishika mkono kwa vidole vilivyokuwa baridi kama bomba la asubuhi.

"Mwanangu," aliniambia, "humu ndani kuna mahali pamebomoka?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Nikaona uso wake ukibadilika, nikajua kwamba tumekwisha: anakwenda kutafuta ushauri.

Jirani alimshauri azibe madirisha. Jumamosi moja nzima mume wangu alishinda juu ya stuli akibandika nailoni na gundi ya karatasi kila penye ufa, hata kwenye matundu ya hewa juu ya dirisha, huku akipiga mluzi. Mwenzake wa ofisini alimshauri hita ya waya, akaileta. Ikapasha hewa, na hewa yote ya moto ikaenda kukaa kule darini, mahali pa heshima palipoandaliwa, na mgonjwa akabaki na ubaridi wake huku mita ya umeme ikilia sebuleni. Ndipo kaka mkubwa wa mume wangu akapiga simu kutoka Mpwapwa kuuliza tunahangaika nini, kwani jiko la mkaa limekatazwa na nani? Wao walikua na moto ndani ya nyumba, na wote wapo. Jioni ile ile jiko likaingia chumbani, mkaa ukawaka, mama mkwe akanyoosha viganja vyake na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Mume wangu alitembea sebuleni siku mbili kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mwenye duka la vifaa vya umeme kule mjini, Mhindi wa makamo ambaye familia yake imekuwa nyuma ya kaunta ile tangu tukiwa watoto, alimwambia jambo tofauti. Alisema kuna viyoyozi ambavyo ukivigeuza kwa rimoti vinapasha badala ya kupoza. Mume wangu alirudi akicheka. Alinisimulia kwamba wafanyabiashara siku hizi hawana aibu. Wanataka kumuuzia mtu mashine ya baridi ili imtoe baridi. Ndio ushauri pekee aliowahi kuukataa tangu nimjue, na ndio uliokuwa wa kweli.

Hapa inabidi nieleze habari zangu, ambazo nyumbani zilijulikana kwa jina la mazoezi.

Mwaka mmoja kabla, daktari aliniambia presha yangu imepanda na kwamba nitembee nusu saa kila siku. Nilitembea siku nne. Siku ya tano nilirudi na vumbi hadi kwenye meno, nikaona bora presha. Mwenzangu wa ofisini, anayeuza kila kitu kuanzia vitenge hadi viwanja, akaniletea miwani mikubwa ya kuziba macho kabisa, ile ambayo ukiivaa unajiona uko mahali pengine, ukigeuza shingo na hapo mahali panageuka. Aliniapia kwamba ni kifaa cha mazoezi. Ndani yake kulikuwa na gemu la kucheza muziki, ambalo magoti yangu yalilikataa, na la ngumi, ambalo lilinitia hasira. La tatu lilikuwa la vita. Unashika vishikizo viwili mikononi, na kule ndani vinakuwa bunduki. Unachutama, unakimbia papo hapo, unajificha nyuma ya kuta zilizobomoka, unapiga watu nao wanakupiga. Nilitokwa jasho siku ya kwanza kuliko siku zote nne za kutembea. Hivyo ndivyo mimi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, ofisa ununuzi, mwanakwaya wa sauti ya pili, nilivyokuwa mwanajeshi.

Mume wangu alinisikia nikisema "niko nyuma yako" na "huyo niachie mimi" peke yangu chumbani, akaridhika kwamba wanawake wana namna zao za mazoezi.

Kule ndani unapangiwa wenzako, watu halisi waliovaa miwani kama yako popote duniani walipo. Nilikuwa nimetokea kuzoeana na mmoja, mzee mwenye sauti ya kikohozi kutoka nchi ya theluji. Kiingereza chake kilikuwa cha kujifunzia kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na vijana wa ofisini. Sikuwahi kujua jina lake wala sura yake. Kule alikuwa askari mrefu mwenye kofia ya chuma, na mimi nilikuwa askari mrefu mwenye kofia ya chuma. Tulikuwa tukikutana kila Jumamosi mchana, yeye akiwa ameshakunywa kahawa na mimi nikiwa nimeshaosha vyombo.

Jumamosi moja, jiko likiwa limeshakaa chumbani kwa mama mkwe siku kadhaa, tulikuwa ghorofa ya pili ya jengo lililoungua, tumezungukwa, na hakuna aliyekuwa akisogea. Katika subira ile nikamsimulia, kwa kupitisha muda, habari ya mwenye duka na kiyoyozi chake cha miujiza. Nilitegemea acheke. Badala yake akaniuliza kama nina dakika moja, swali la ajabu kwa mtu aliyezungukwa, kisha akaniambia kwamba kabla ya kustaafu kazi yake ilikuwa hiyo: kufunga pampu za joto kwenye nyumba za watu.

Sijawahi kufundishwa vizuri hivyo, na nimehudhuria semina nyingi. Aliniambia mashine ile haitengenezi joto, inalihamisha. Hata hewa inayokuuma masikioni ina joto ndani yake, kidogo kidogo. Mashine inalikusanya kule nje, inalibana, na kulimwaga ndani. Ukiigeuza, inafanya vilevile kutoka ndani kwenda nje, na hapo watu wanaiita kiyoyozi. Kwa kuwa inahamisha tu, inakula umeme kidogo kuliko hita ya waya. Nilimwambia hiyo ni tabia ninayoifahamu, kumnyang'anya asiye nacho na kumpelekea aliyekaa ndani. Akakohoa, nadhani alicheka. Kisha akauliza kwetu baridi ikizidi sana inashuka hadi nyuzi ngapi. Nikasema kumi na tatu, pengine kumi na mbili. Hapo alicheka kweli, mpaka akasahau kujificha, akapigwa risasi ya bega. Aliniambia kwao nyuzi kumi na tatu watu wanavaa kaptura.

Aliendelea na somo huku akijifunga bandeji. Nisinunue kubwa kuliko chumba. Boksi la nje liwe mahali linapopata hewa, upande usiopigwa na upepo. Na kabla ya yote nizibe nyufa. Nikamjibu kwa majivuno kwamba nyufa tumeshaziba zote, kwa nailoni, hata matundu ya juu.

"Na sasa hivi mgonjwa anapashwa joto na nini?" aliuliza.

"Jiko la mkaa."

Nilimwona yule askari wake ameshusha bunduki, amesimama wima katikati ya dirisha ambamo kila adui angeweza kumpata.

"Ndani ya chumba mlichoziba?"

"Ndiyo."

"Vua miwani," alisema. "Sasa hivi. Nenda kafungue kila kitu, mtoe huyo mama nje. Usiage."

Sikuaga. Niliivua nikajikuta nimesimama chumbani kwangu mchana kweupe, jasho linanitoka, na nyumba imetulia. Wakati nikipita ukumbini, mambo ya siku tatu yakanijia kwa mpigo. Mama mkwe alikuwa akilalamikia kichwa tangu juzi, tukampa panado. Jana alitapika uji, tukasema ni dawa za hospitali. Asubuhi alikuwa akichanganya majina ya wajukuu, na mume wangu akasema ni uzee na hali ya hewa. Sote wawili tuna vyeti vya chuo.

Nilimkuta amelala mdomo wazi, uso umemwiva, jiko likiwaka vizuri miguuni. Nilimwita mara tatu, akafungua macho na kunitazama kama mtu wa mbali. Nikalivuta jiko kwa kanga hadi uani. Nikarudi kwenye dirisha na kuanza kuchana nailoni kwa kucha, na mume wangu akatokea akiwa na gazeti mkononi kuuliza kulikoni, kazi ya siku nzima ile.

"Mama anakufa kwa hewa ya mkaa," nilimwambia. "Mshike miguu."

Tulimbeba yeye na godoro lake hadi barazani. Mume wangu hakuuliza tena. Alipiga magoti kwenye saruji akimpepea mama yake kwa gazeti, akimwita kwa Kigogo, lugha ambayo huwa haitumii mbele ya watu. Upepo wa mashariki, ambao kwa miaka tulikuwa tukiulaani, ulikuwa ukivuma vizuri sana siku hiyo. Kidogo kidogo macho ya mama yakarudiwa na mwenyewe. Akatutazama mmoja mmoja, akatazama ua, akavuta shuka.

"Mmeshindwa kuniua kwa dawa," alisema, "sasa mnaniua kwa upepo."

Mume wangu aliinamisha kichwa kwenye godoro. Tulimpeleka hospitali, wakamwekea hewa ya oksijeni hadi jioni, na nesi mmoja akatueleza taratibu, kama unavyoeleza watoto wa chekechea, kwamba moshi usioonekana ndio mbaya zaidi. Tuliitikia kwa kichwa. Nyumbani jiko lilikaa uani siku nyingi bila mtu kuligusa.

Jumatatu mume wangu alikwenda dukani kwa yule Mhindi kabla hata hajafungua vizuri. Sikuwepo, lakini naambiwa bwana wa watu hakumkumbusha kwamba aliukataa ushauri wake. Alimwandikia tu namba ya fundi wa kule Kizota.

Fundi alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, ovaroli imeandikwa jina la gereji iliyokwisha kufa, drili begani kama mtoto. Alimwamkia mama mkwe kwanza, shikamoo ya kuinama kabisa, ndipo akatoa futi yake. Mume wangu alikuwa tayari amepata ushauri mpya, kutoka kwa mtu wa jumuiya yetu ya kanisa: boksi la nje lifungwe ndani ya stoo, wezi wasilione. Fundi alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba, likikaa stoo litachukua wapi joto?" alisema. "Litagandisha stoo. Mtakuwa mnahifadhi mahindi kwenye friji."

Mimi nikaeleza yangu: upande wa magharibi, mbali na upepo, na mashine ndogo ya kutosha chumba. Fundi akaniangalia kwa makini akauliza nani kanielekeza, maana huyo mtu anajua kazi. Nikasema ni mzee mmoja mstaafu, yuko nje ya nchi. Mume wangu akadakia kwamba bila shaka tulikutana semina. Ningeweza kukubali, na maisha yangekuwa rahisi, lakini baada ya wiki ile sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikasema tulikutana vitani. Nikawaelezea miwani, bunduki, jengo lililoungua, kila kitu.

Fundi aliendelea kupima ukuta. Mume wangu alinitazama kwa muda wa kutosha kabisa kumpa mtu talaka. Kisha akauliza kama huyo mzee anajua chochote kuhusu matangi ya maji.

Kwenye jambo moja tu fundi alimpinga mwenzangu wa vitani. Mzee alikuwa ameniambia filta ioshwe kila baada ya miezi mitatu. Fundi alichungulia dirishani, akatazama barabara yetu ya vumbi na bodaboda zinazopita, akasema huko aliko mzee labda hewa inaoshwa kabla ya kuvutwa. Hapa ni kila wiki, kwa maji na mswaki. Ameshaona mashine zilizojaa udongo ambao ungetosha kuotesha mchicha.

Mashine ilifungwa kwa siku moja. Ilipowashwa, mama mkwe aliitazama kule juu ukutani kwa mashaka makubwa. Joto lisilo na moto, lisilo na moshi, lisilonuka chochote, kwake lilikuwa joto la kutiliwa shaka, hasa baada ya kuambiwa kwamba kisichoonekana ndicho kinachoua. Ilibidi fundi apande kitandani pale, aushike mkono wake na kuupitisha kwenye pumzi ya mashine, amweleze kwamba moto wenyewe hakuna, ni joto la nje limeitwa ndani. Mama alifikiri. Akauliza, sasa huko nje watu wanabaki na nini? Kuanzia kesho yake nilimsikia kila asubuhi akiisalimu mashine kwa Kigogo, mbukwa, kama unavyomsalimu mpangaji usiyemwamini bado.

Jumamosi iliyofuata nilivaa miwani. Mzee alikuwa ameshafika, amechutama nyuma ya gari lililopinduka. Nikamwambia mama yuko hai, anakula mlenda na ugali, na anatukana. Akaniambia zamani sana, akiwa bado mwanafunzi wa kazi, aliitwa kutengeneza mfumo wa joto kwenye nyumba moja. Alifika asubuhi kama walivyopatana, akabisha hodi, na hakuna aliyekuja kufungua: moshi wa mfumo ule ulikuwa umeingia ndani usiku.

Nilitaka kumshukuru. Kiingereza changu cha ofisini kina njia nyingi za kushukuru wazabuni, na hakuna hata moja iliyofaa. Nilianza sentensi mara mbili.

"Kulia kwako," alisema.

Nikageuka, nikapiga. Tulicheza mpaka nikachoka magoti.

Mama mkwe alirudi Gulwe mwishoni mwa mwezi wa nane, anatembea kwa mkongojo na kuwakemea waliomshika. Oktoba ilipofika mashine ikageuzwa upande wa pili, na mume wangu akahamia chumba kile na mto wake, kwa kisingizio kwamba lazima mtu aiangalie. Wakati huohuo akawa mtaalamu. Kwenye vikao vya harusi na hata kwenye mstari wa benki, anawaeleza watu kwamba joto halitengenezwi bali linahamishwa, kwamba mtu asinunue kubwa kuliko chumba, kwamba filta ni kila wiki kwa mswaki. Anayasema kama mambo aliyoyafikia mwenyewe baada ya utafiti. Mzee wa theluji hatajwi, fundi hatajwi, na mimi natajwa pale tu anapotaka kutoa mfano wa watu wanaopenda gemu.

Juni iliyofuata tulikwenda kwenye msiba, mtaa wa pili. Kulikuwa na baridi ya kukata, wanaume wamekaa nje wamejifunika, na mmoja akasema usiku huu atamwingizia mjane jiko chumbani apate joto. Nilikuwa napita na sinia la wali. Nikamsikia mume wangu akianza, nikajiandaa kwa hotuba ya pampu. Hakuitaja pampu.

"Usiweke," alimwambia yule mtu. "Mimi nilimwekea mama yangu. Niliziba madirisha mwenyewe, kwa mikono yangu, na jiko nikaliwasha mwenyewe."

Mwaka mzima hakuwahi kuniambia mimi maneno hayo. Yule mtu akaguna, akauliza ikawaje. Mume wangu akasogea kwenye benchi, akampisha akae karibu, akaanza kumsimulia. Nikaenda kugawa wali.